Mary Leakey na fuvu la Rusinga

Oktoba 2, 1948, katika kisiwa cha Rusinga upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, Louis Leakey alikuwa ameinama akichimbua mabaki ya mamba wa kale. Mkewe, Mary, hakuvutiwa hata kidogo na mamba. Alijitenga naye, akawa anatembea taratibu kwenye mteremko huku macho yake yakipekua ardhi, hadi alipoona vipande vya mfupa vimechomoza udongoni, na jino. Akamwita mumewe kwa sauti. Vipande hivyo vilipokusanywa na kuunganishwa kwa gundi, vilitoa uso wa mnyama aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Kabla ya siku hiyo hakuna mwanasayansi aliyekuwa ameuona uso wa sokwe wa kale kiasi hicho.

Aliyeliona fuvu hilo hakuwa amesomea chuo kikuu chochote hadi kuhitimu. Mary Douglas Nicol alizaliwa London Februari 6, 1913. Babake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji aliyehamahama na familia yake, na ni huko kusini mwa Ufaransa ambako binti huyo alizoea kuingia katika mapango yenye michoro ya watu wa kale na kuokota zana zao za mawe. Baba alifariki mwaka 1926. Mama alimpeleka mtoto katika shule za watawa, nazo zikamfukuza. Alichobaki nacho ni mkono hodari wa kuchora, na michoro yake ya zana za mawe ndiyo iliyomkutanisha mwaka 1933 na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete na mtoto wa wamishonari, ambaye wakati huo alikuwa na mke na watoto. Louis aliachana na mke huyo, akamwoa Mary Desemba 24, 1936. Wakubwa wa Cambridge hawakupendezwa na jambo hilo, na tangu hapo maisha ya wawili hao yakawa Afrika Mashariki.

Kazi ya kusoma fuvu la kale ni kazi ya kulinganisha. Misitu ya kando ya mto Tana, ambayo wakazi wa Kulesa na Garsen wanaijua vyema, ina wanyama wawili wa jamii ya nyani wasiopatikana kwingineko duniani: mangabei wa Tana na mbega mwekundu wa Tana. Mangabei ana magego ya mbele makubwa na yenye nguvu, kwa kuwa huvunja mbegu ngumu. Mbega hula majani kwa wingi, na meno yake yana kingo kali za kukatia. Mtu akiweka mafuvu ya wawili hao mezani ataweza kueleza chakula chao bila ya kumwona mnyama mwenyewe. Hivyo ndivyo wataalamu wanavyofanya kwa wanyama waliotoweka: hutazama meno, taya, matundu ya macho, ukubwa wa sehemu ya ubongo na alama za misuli, kisha hulinganisha na walio hai.

Fuvu la Rusinga liliwapa wataalamu hao kitendawili. Meno yalikuwa ya jamii ya sokwe, lakini paji la uso lilikuwa laini, halina ule ukingo mnene wa mfupa juu ya macho alio nao sokwe wa leo. Mnyama mwenyewe alikuwa tayari na jina, Proconsul, alilopewa mwaka 1933 kutokana na mabaki ya Koru. Mifupa mingine iliyopatikana baadaye ilionyesha kwamba alikuwa na mgongo na viungo vya kutembelea juu ya matawi kama tumbili, ila hakuwa na mkia. Kumbe sokwe hawakupata sifa zao zote kwa wakati mmoja.

Mary alilibeba fuvu hilo mwenyewe kwa ndege hadi Uingereza, ambako waandishi wa habari walimngoja, akalifikisha kwa Profesa Wilfrid Le Gros Clark wa Oxford. Hapo ndipo yalipoanza mambo yaliyochukua miaka mingi kumalizika. Fuvu liliwekwa katika jumba la makumbusho London kwa mkopo. Muda ulivyopita, wenyeji wake huko walikuja kulihesabu kuwa mali yao, na Kenya ilipolidai haikusikilizwa. Ni pale barua za zamani zilipoonyesha wazi kwamba halikuwa zawadi ndipo liliporejeshwa Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni vigumu kutoona kwamba karatasi moja ingepotea, fuvu lingali London hadi leo.

Umaarufu mkubwa zaidi ulimjia Mary Julai 17, 1959 huko Olduvai, Tanganyika. Louis alikuwa kambini na homa. Mary alitoka na mbwa wake, na katika mteremko aliona mfupa, kisha meno mawili makubwa. Alitumia miezi kuunganisha mamia ya vipande. Lilikuwa fuvu la zamadamu mwenye magego ya ajabu kwa ukubwa na ukingo wa mfupa utosini ulioshika misuli ya taya. Louis alimwita Zinjanthropus, akamtangaza kuwa babu wa binadamu na mtengenezaji wa zana za mawe za Olduvai. Mwaka 1961 vipimo vya miamba vilionyesha umri wa miaka milioni 1.75, wakati ambapo wengi hawakufikiria hata milioni moja. Lakini kuanzia 1960 mabaki ya kiumbe mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi, aliyeitwa Homo habilis mwaka 1964, yalitoka katika bonde hilohilo, na Zinjanthropus akaonekana kuwa tawi la kando lililokauka. Mary hakuwa mwepesi wa kutangaza mababu kama mumewe. Kazi yake ilikuwa kuchimba, kupima na kuchora, na maandiko yake kuhusu Olduvai yamedumu kuliko nadharia nyingi za Louis.

Fuvu la Zinjanthropus halikupitia mkasa wa lile la Rusinga: mwaka 1965 lilikabidhiwa Tanzania, likawekwa Dar es Salaam.

Ndoa yao ilidhoofika. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, kilitaka kuwatunukia wote wawili shahada ya heshima. Louis alikataa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, Mary akaenda kuipokea. Uamuzi huo hauna utetezi mzuri, hata kwa mtu aliyenyimwa shahada maisha yake yote. Louis alifariki London Oktoba 1, 1972. Mary aliendelea na kazi, na mwaka 1978 timu yake ikafukua huko Laetoli nyayo za viumbe waliotembea wima kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Alifariki Nairobi Desemba 9, 1996.

Miaka mitatu kabla ya kifo chake, mwaka 1993, wataalamu waliamua kwamba mnyama wa Rusinga ni spishi ya peke yake, wakamwita Proconsul heseloni kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkikuyu aliyechimba pamoja na akina Leakey kwa miaka mingi. Mwaka 2015 jina la kwanza nalo likabadilishwa likawa Ekembo, neno lililotolewa katika lugha ya Wasuba, wenyeji wa kisiwa hicho. La Heselon likabaki.