Galileo, Mtu Aliyepima Mwendo

Watu wakaao katika mitelemko ya mlima Meru wajua ya kuwa jiwe likiponyoka huanza kushuka polepole, kisha huzidi mbio mpaka kufika bondeni. Lakini huzidi kwa kadiri gani? Mtu aliyeipata kanuni ya jambo hilo ni Galileo Galilei.

Galileo alizaliwa mwaka 1564 katika mji wa Pisa, nchi ya Italia. Baba yake, fundi wa muziki, alimpeleka chuoni ajifunze utabibu. Lakini kijana alipenda hesabu zaidi. Akatoka chuoni bila cheti, na mwaka 1589 akawa mwalimu wa hesabu katika chuo kile kile.

Siku zile wenye elimu walifuata mafundisho ya Aristotle wa Uyunani, ya kuwa kitu kizito huanguka upesi kuliko kitu chepesi, kwa kadiri ya uzito wake. Galileo hakuridhika kusadiki jambo lisilopimwa. Walakini jiwe huanguka upesi mno, wala saa za kupima sekunde hazikuwako. Basi akatafuta njia ya kupunguza mbio zake. Alitwaa ubao mrefu, akachonga mfereji ulionyoka, akaulainisha, akainua ubao upande mmoja, kisha akaachia tufe la shaba lishuke. Wakati tufe liliposhuka, maji yalitoka katika chombo kwa mrija mwembamba. Akayakinga, akayapima kwa mizani. Maji yakiwa mengi, wakati nao ni mwingi. Akarudia hivyo mara nyingi sana.

Mwishowe akaona hivi: tufe likipita sehemu 1 katika kipindi cha kwanza, katika kipindi cha pili hupita sehemu 3, na katika cha tatu 5. Kwa hiyo baada ya vipindi 2 limepita sehemu 4, na baada ya vipindi 3 sehemu 9.

Basi mwendo ulionyoka una namna mbili. Gari litokalo Moshi kwenda Arusha, yapata kilometa 80, likienda sawasawa kwa saa 2, hupita kilometa 40 kila saa. Upesi wake haubadiliki. Bali kitu kiangukacho huongeza upesi wake kwa kadiri moja kila sekunde. Tena, kama hewa haikizuii, kizito na chepesi hufika pamoja.

Mwaka 1633 baraza la Kanisa la Roma lilimhukumu Galileo kwa kufundisha ya kuwa dunia hulizunguka jua. Akazuiliwa nyumbani kwake karibu na mji wa Florence, naye amekwisha kuwa mzee. Hata hivyo hakuacha kazi. Huko aliandika kitabu chake cha mwendo, kikapigwa chapa Leiden, nchi ya Uholanzi, mwaka 1638. Kilipotoka, macho yake yalikuwa yamepofuka. Akafa tarehe 8 Januari 1642.

Mwaka 1971 Mmarekani mmoja aliyefika mwezini, mahali pasipo hewa, aliangusha nyundo na unyoya kwa wakati mmoja. Vyote viwili vikafika chini pamoja.

Ubao, gololi na kopo la maji hupatikana Arusha pia. Mwanafunzi apimaye kwa uangalifu ataona hesabu ile ile: moja, tatu, tano.