Mwana Kupona: Mama Aliyefundisha kwa Kalamu

Mwalimu mwanafunzi apelekwaye kufanya mazoezi ya kufundisha huko Mgeta au Matombo, katika milima ya Uluguru, huenda akadhani kwamba maisha ya bibi wa Pate aliyefariki zaidi ya miaka 150 iliyopita hayamhusu. Sisi twaona kuwa yanamhusu sana. Bibi huyo alikuwa mwalimu, na somo lake moja lasomwa hata leo.

Mwana Kupona binti Msham alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 19 katika kisiwa cha Pate, pwani ya kaskazini ya Kenya ya sasa. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji uliomo katika kisiwa hicho, ambaye aliupinga utawala wa Seyyid Said wa Zanzibar. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, akamwacha mjane wake na watoto wawili, Mwana Hashima na Mohamed.

Haukupita muda mrefu, Mwana Kupona akashikwa na ugonjwa uliomlaza zaidi ya mwaka mzima. Alijua kwamba huenda asipone, na binti yake alikuwa bado kijana. Basi mwaka 1275 wa Hijiria, yaani 1858, alimtungia utenzi wa beti zipatazo 100. Ndani yake alimwusia kushika dini, kusema kweli, kuwa na adabu, kutowadharau maskini na kumtii mume. Kisha aligeuka kumwomba Mungu afya, na ulinzi kwa wanawe na jamaa zake. Alifariki karibu na mwaka 1860.

Mwalimu atazame kwanza njia aliyoitumia mama huyu. Alimfundisha mtu aliyemjua na kumpenda, kwa lugha ya nyumbani, yaani Kiamu. Tena alichagua umbo linaloshikika kichwani: kila ubeti una vipande vinne vya mizani minane, vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachorudi mpaka mwisho wa utenzi. Aliyekosa karatasi aliweza kuuhifadhi kwa masikio.

Hapa pana jambo zito, wala mwalimu asilikwepe. Waluguru kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo imerithiwa kwa njia hiyo. Mtoto aliyemwona bibi yake akiwa na sauti juu ya shamba atashangaa kusikia mke akiusiwa utii mkubwa namna ile. Mwalimu akiziruka beti hizo, atakuwa amemficha mtunzi. Akizifundisha kama amri, atakuwa amewadhulumu wasichana wake. Hana budi kuzisoma waziwazi, aeleze ni za wakati gani na jamii gani, kisha awaache watoto wajadiliane.

Kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi twashauri hatua nne. Mwalimu asimulie maisha ya Mwana Kupona. Asome beti chache kwa sauti, akieleza maneno ya Kiamu, na watoto waitikie. Awatume wakaulize nyumbani ni mawaidha gani ambayo mwali wa Kiluguru alipewa na wazee wa kike alipowekwa ndani. Yale ya siri yaachwe kwa wenyewe. Mwisho, kila mtoto atunge ubeti mmoja wa kumwusia mdogo wake, kwa mizani minane.

Katika hatua hiyo ya mwisho mwalimu atagundua mengi. Mtoto aliyezoea kunakili ubaoni atalazimika kujiuliza ni neno gani lenye faida analoweza kumwachia ampendaye. Mwana Kupona alijiuliza hivyo akiwa kitandani, na jibu lake likawafikia wengi kuliko binti mmoja aliyemkusudia.