Dolly Rathebe: Nyota wa filamu aliyeurudia uimbaji uzeeni

AKIWA ameshatimiza miaka 60, umri ambao wengi wa rika lake walikuwa wamekwishaliaga jukwaa, mwigizaji na mwanamitindo wa zamani wa Afrika Kusini, marehemu Dolly Rathebe, alirejea katika kazi iliyomtoa, yaani kuimba.

Rathebe, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Josephine Malatsi, alizaliwa Aprili 2, 1928 huko Randfontein, magharibi mwa Johannesburg, na kukulia Sophiatown, mtaa uliosifika kwa muziki wa jazi.

Ni sauti iliyomfungulia milango. Mwaka 1948 hivi, msaka vipaji alimsikia akiimba katika mandari jijini Johannesburg, na mwaka 1949 akaonekana katika filamu ya Jim Comes to Jo'burg, akiigiza kama mwimbaji wa klabu ya usiku. Wakati huo lilikuwa jambo geni nchini humo kwa filamu kuwapa Waafrika nafasi za wahusika wakuu.

Umaarufu huo ulimfikisha kwenye kurasa za jarida la Drum, ambako sura yake ilipendwa kama sauti yake. Hata hivyo, haukumkinga na sheria za ubaguzi wa rangi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, alipokuwa akipigwa picha katika vazi la kuogelea juu ya kilima cha mabaki ya mgodi wa dhahabu, yeye na mpiga picha Mzungu, Jürgen Schadeberg, walikamatwa. Polisi walidhani wamevunja sheria iliyokataza mapenzi kati ya Wazungu na watu weusi.

Mwaka 1954 alijiunga na onyesho la African Jazz and Variety. Februari 1955 Serikali ilianza kuwahamisha kwa nguvu wakazi wa Sophiatown, mtaa ukabomolewa na kupewa Wazungu kwa jina la Triomf. Kumbi zilizolea wasanii zikatoweka.

Miriam Makeba, aliyetamba enzi hizo hizo, aliondoka nchini mwaka 1959. Rathebe alibaki, na kwa muda aliendesha kilabu cha pombe huko Cape Town. Kwa miaka mingi sauti yake haikusikika sana.

Mwaka 1988 aliigiza katika Mapantsula, filamu iliyopinga utawala wa makaburu. Mwaka uliofuata akawa mwimbaji wa Elite Swingsters, bendi kongwe ya miaka ya 1950 iliyofufuliwa, na mwaka 1991 wakatoa albamu ya Woza. Miongoni mwa waliomshangilia safari hii ni vijana ambao hawakuwa wamezaliwa Sophiatown ilipobomolewa.

Rathebe, aliyetunukiwa Nishani ya Ikhamanga na Serikali ya Afrika Kusini huru, alifariki dunia Septemba 16, 2004 kwa kiharusi, akiwa na miaka 76. Mwaka 2006, jina la Triomf lilifutwa na mtaa ukarudishiwa jina lake la Sophiatown.