Askofu Mkuu Janani Luwum, Jirani wa Ng'ambo ya Mutukula

Waliozaliwa kabla ya 1970 hawahitaji kuelezwa Idi Amin alikuwa nani. Ndege zake zilidondosha mabomu Bukoba mwaka 1972, na Oktoba 1978 askari wake walivuka mpaka, wakateka eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera, wakaua raia na kuswaga ng'ombe. Lakini kabla hajatufikia sisi alianza na watu wake mwenyewe, na huko alikuwapo mtu aliyewasemea. Safari hii ukurasa wa maisha ya watu tumempa huyo.

Janani Luwum, Mwacholi, alizaliwa mwaka 1922 Mucwini, Kitgum. Alichunga mifugo, akachelewa kuanza shule, hatimaye akawa mwalimu. Mwaka 1948 aliokoka katika uamsho ule ule wa balokole uliofika hadi Buhaya, akaenda kusomea uchungaji. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire.

Miaka hiyo watu walichukuliwa majumbani wakatiwa kwenye buti la gari, wasionekane tena. Luwum alikuwa akienda mwenyewe ofisi za usalama kuwaulizia na kuwaombea. Wapo waliomlaumu kwamba yuko karibu mno na serikali. Sisi tunauliza: angewaombea kwa nani mwingine?

Mwanzoni mwa 1977 Waacholi na Walango waliuawa kwa wingi. Usiku wa kuamkia 5 Februari askari waliingia nyumbani kwake Namirembe, wakamwelekezea bunduki, wakapekua wakitafuta silaha. Hawakupata kitu. Ndipo maaskofu walipokutana na kumwandikia Amin barua, wakataja bila kuficha upekuzi ule, mauaji ya raia, na jinsi watu wa usalama walivyoachiwa kumkamata na kumuua wamtakaye. Wakatia saini majina yao.

Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala mbele ya askari, silaha zimetandazwa chini, Luwum akituhumiwa njama. Wenzake waliruhusiwa kuondoka. Yeye akabakizwa, pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Kesho yake ikatangazwa kuwa wote watatu wamekufa kwa ajali ya gari. Mwili ulipelekwa Mucwini, na waliofungua jeneza waliona matundu ya risasi. Namirembe nako kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Lilibaki tupu, na Jumapili watu kwa maelfu wakasimama kando yake wakiimba.

Askofu Festo Kivengere na wengine walikimbia nchi. Miezi 20 baadaye vita vilifika Kyaka.

Siku hizi 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda. Mwana-Kaagya anayepanda basi la Kampala siku hiyo ajue atakuta ofisi zimefungwa.