Profesa Odhiambo, Mtafiti wa Nzige Aliyewafungulia Wasomi Maabara

Na Mwandishi Wetu, Singida

Msafiri anayeteremka mlima Sekenke kuelekea Igunga huikuta mbele yake mbuga ya Wembere, mojawapo ya mazalia ya nzige wekundu yanayotambulika nchini. Mkulima wa Iramba hahitaji kuelezwa hasara ya mdudu huyo. Namna mwili wa nzige unavyofanya kazi ndilo swali lililomkalia moyoni Profesa Thomas Risley Odhiambo.

Alizaliwa Mombasa, Kenya, mwaka 1931, akasoma Makerere na kutumikia idara ya kilimo Uganda. Alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1965, chini ya Vincent Wigglesworth, bingwa wa fiziolojia ya wadudu. Mwaka uliofuata alichapisha matokeo ya utafiti kuhusu tezi ndogo iliyo kichwani mwa nzige wa jangwani, ambayo homoni zake huongoza ukomavu na uzazi.

Aliporejea Nairobi kufundisha, alikuta tatizo ambalo wahitimu wetu wanalifahamu. Miaka michache baada ya uzamivu ndiyo inayomkomaza mtafiti, maana ndipo anapojifunza kusimamia swali lake mwenyewe. Lakini aliyetaka kuitumia katika biokemia alilazimika kubaki Ulaya au Marekani. Odhiambo aliieleza haja ya sayansi ya Afrika Mashariki katika jarida la Science mwaka 1967, na mwaka 1970 akaanzisha jijini Nairobi Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, ICIPE.

Mpangilio wake ulikuwa wa aina yake. Mabingwa kama Carroll Williams wa Harvard na mkemia Koji Nakanishi walikuja kwa vipindi kuongoza utafiti, huku vijana wenye uzamivu, Waafrika na wageni, wakifanya kazi maabara mwaka mzima. Mwaka 1976 wanakemia wa kituo walitangaza kiambato cha mti wa msokonoi kinachowafanya viwavijeshi waache kula.

Kasoro zilikuwepo. Waongozaji wa mwanzo wengi walikuwa wageni, na fedha zilitegemea wafadhili wa nje. Mwaka 1983 kituo kilianza mpango wa kusomesha uzamivu pamoja na vyuo vikuu vya Afrika, hatua ambayo pengine ilistahili kutangulia. Naye mwenyewe alilipa gharama: kadiri bajeti na safari zilivyoongezeka, tezi ya nzige ilibaki kwa wengine.

Alikuwa rais wa kwanza wa Akademia ya Sayansi ya Afrika, na mwaka 1987 alipokea Tuzo ya Afrika ya Uongozi pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Aliondoka kituoni mwaka 1994 na kufariki Mei 2003. Kituo kingali Kasarani, Nairobi, mahali panapoitwa Duduville, na hadi sasa hupokea watafiti waliohitimu uzamivu.