Harry Nyquist, mhamiaji aliyetufungulia njia ya CD

Wasomaji wetu, leo tumkumbuke Harry Nyquist. Alizaliwa Sweden mwaka 1889, akahamia Marekani 1907, akapata shahada ya udaktari chuo kikuu cha Yale 1917. Akiwa mhandisi wa kampuni ya simu ya AT&T, mwaka 1928 alichapisha hesabu za kupeleka ishara kwa waya. Mwaka 1949 Mmarekani Claude Shannon aliikamilisha kanuni: sauti ikipimwa kwa kasi inayozidi mara mbili ya mtetemo wake wa juu kabisa, yaweza kurudishwa yote.

Wapo wanaobisha, wakidai kuwa kati ya kipimo na kipimo muziki unapotea. Sisi tunasema haupotei, kwa sharti moja: mitetemo inayovuka mpaka huo ichujwe kwanza, la sivyo hurudi kama sauti za uongo. Sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. CD, iliyoingia sokoni 1982, hupima mara 44,100. Sauti ikiharibika, tuulizane nani alichuja vibaya kabla ya kuilaumu kanuni.

Nyquist alifariki Texas mwaka 1976, hata CD moja hakuisikia. Sisi tuliosikiliza taarabu za nyumbani ughaibuni kwa CD hizo, tuna deni kwa mhamiaji mwenzetu.