Freddie Mercury: Mchoraji kutoka Unguja

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana mlio shuleni hivi sasa, hapa Kalenga tumezoea kusimuliana habari za Mtwa Mkwawa, ambaye fuvu lake lilirejeshwa mwaka 1954 na limehifadhiwa katika makumbusho yaliyo jirani nasi. Safari hii naomba niwapeleke pwani, kwa mtu ambaye wengi wanamjua kwa sauti yake, lakini wachache wanajua kuwa kazi aliyoisomea ilikuwa uchoraji.

Hayati Freddie Mercury alizaliwa Mjini Unguja tarehe 5 Septemba, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarati, na baba yake, Mzee Bomi, alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu. Akiwa na umri wa miaka minane alipelekwa shule ya bweni ya St. Peter's, Panchgani, India. Sisi tuliolala mabwenini tunaelewa maana ya kuwa mbali na mama katika umri huo. Huko alijifunza piano, akaunda bendi na wenzake, na huko ndiko alikoanza kuitwa Freddie.

Alirudi Unguja mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, familia ilihamia Feltham, karibu na London. Kijana huyu aliingia Chuo cha Sanaa cha Ealing, akasomea uchoraji na usanifu wa michoro hadi alipohitimu mwaka 1969. Alipenda sana kumchora Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa Marekani. Maisha hayakuwa mepesi. Yeye na mwenzake Roger Taylor waliuza mitumba katika soko la Kensington.

Mwaka 1970 alijiunga na Taylor na Brian May kuunda bendi ya roki, akaipa jina la Queen, yaani Malkia. John Deacon aliingia mwaka uliofuata. Hapo elimu ya Ealing ilizaa matunda. Freddie hakutafuta fundi wa kukodi. Alichora nembo ya bendi kwa mkono wake, akitumia nyota za kuzaliwa za wote wanne. Simba wawili ni Deacon na Taylor, kaa ni May, na wasichana wawili wadogo wenye mabawa ni yeye mwenyewe, wa nyota ya Mashuke. Katikati iko herufi Q yenye taji, na juu yao ndege wa hekaya afufukaye kutoka majivuni. Tazameni alivyogawa nafasi: mwimbaji aliyesimama mbele jukwaani alijiweka chini, akawapa wenzake simba.

Santuri ya kwanza ilitoka mwaka 1973. Ile ya *A Night at the Opera*, ya Novemba 1975, ilikuwa na jalada jeupe lenye nembo hiyo kwa rangi, bila picha ya mwanamuziki hata mmoja. Mwaka 1976 ikafuata *A Day at the Races*, nembo juu ya jalada jeusi.

Alifariki London tarehe 24 Novemba, 1991, akiwa na miaka 45, siku moja tu baada ya kutangaza kuwa ana UKIMWI. Mkoa wetu wa Iringa unaujua msiba huo kwa makaburi yake. Dawa za kufubaza virusi, ambazo leo hutolewa bure katika zahanati zetu, zilichelewa kwake.

Ndugu zangu, wazazi na hata walimu wengine bado huona kuchora ni kupoteza muda, na kijana anayechora daftarini huadhibiwa. Samaki mkunje angali mbichi. Tunapokutana mwaka huu kupanga michango ya madawati na mabati, naomba tuongeze karatasi, brashi na rangi. Nanyi vijana, msione haya kuchora.